Swali: Wanangu wananitaka nikawalelee wajukuu na mamangu mzee hajiwezi, nianze na nani?

Swali hili limenikosesha raha. Ameuliza mama mmoja mjane, ana miaka 58, anaishi na mamake mzazi aliyeshapita miaka 80, haendi msalani bila kushikwa na usiku anaamka anaita. Watoto wake watatu washaoa na kuolewa, kila mmoja ana vichanga, na kila mmoja anataka mama aende kwake akasaidie. Binti wa kwanza anajifungua mwezi ujao, anamtaka akae naye arobaini yote, na mama aliposita akaambiwa "basi hutupendi". Kaka wa huyo mama naye anasema yeye anatuma hela kila mwezi, hiyo kazi ya kushinda na mzee ni ya wanawake. Halafu binti akamtumia klipu ya ustadhi mmoja anasema familia yako inatangulia ndugu na jamaa, mzee awekewe mtu wa kumlipa, inatosha. Anauliza, je akienda kwa binti anapata dhambi, na asipoenda je?

Dada yangu, kwanza pole sana, na Allah akulipe kwa kila usiku uliokesha. Jibu ni kwamba haki ya mamako iko juu yako ni wajibu, na unachowafanyia wanao waliokwisha kuwa na nyumba zao ni hisani. Hisani ina thawabu kubwa, lakini haiuondoi wajibu mahali pake. Kwa hiyo ukimwambia binti "mwezi mzima siwezi" hujakata undugu na huna dhambi hata kidogo.

Sasa nije kwenye hiyo klipu, manake naona inazunguka sana na inavunja nyumba za watu. Huyo ustadhi katoa hadithi ya sahaba Jabir iliyo kwenye kitabu cha hadithi cha Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alisema anza na nafsi yako, kikibaki kitu kiwe cha ahli yako (watu wa nyumbani kwako), kisha jamaa zako. Hadithi ni sahihi, hakuna ubishi, lakini mbona hakusema ilisemwa wapi na kwa nani? Ilikuwa kwa mtu wa kabila la Banu Udhra aliyemwandikia mtumwa wake kuwa huru pindi yeye bwana akifa, na wala hakuwa na mali nyingine, Mtume akamuuza yule mtumwa kwa dirhamu 800, akampa bwana wake pesa zake na kumwelekeza aanze wapi kuzitumia. Ni habari ya matumizi ya mali, na ahli waliotajwa hapo ni wale ambao chakula chao kiko shingoni mwako. Kijana mzima mwenye mshahara na mke, chakula chake kiko shingoni mwa nani kama si mwake mwenyewe? Kumchukua huyo ukamwingiza kwenye hadithi ili atangulie mbele ya kikongwe asiyeweza kunyanyuka kitandani ni kuipa hadithi maneno isiyoyasema. Mwanachuoni Ibn al-Mundhir amenukuu ijmai, yaani makubaliano ya wanazuoni, kwamba wazazi mafukara wasio na kipato matumizi yao ni wajibu juu ya mtoto, sasa huyo unamwita jamaa wa mwisho kwenye foleni vipi?

Na ile kauli ya sahaba Salman kwa sahaba mwenzake Abu Dardaa, "ahli yako wana haki juu yako", wanaitumia vilevile. Salman alimkuta mke wa Abu Dardaa kaachwa tu kwa sababu mumewe mchana kafunga usiku anaswali, akamkumbusha haki ya mkewe. Mama mzee kaingiaje hapo kama mtu wa kupunguziwa haki?

Tazama wale watu watatu waliozibiwa pangoni na jiwe, kisa kiko kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Mmoja alisimama na maziwa mkononi mpaka alfajiri anasubiri wazazi wake wazee waamke, na watoto wake wadogo wanalia njaa miguuni pake, akaomba kwa amali hiyo na jiwe likasogea. Wale walikuwa watoto wadogo kabisa, tena wake. Wa kwako wana watoto wao, na wajibu wa kuwalea hao ni wa baba yao na mama yao kabla ya bibi. Na Jurayj, mcha Mungu wa Bani Israili, alikuwa ndani ya swala mamake alipomwita, akaendelea kuswali, mama akamwombea dua mbaya ikakubaliwa, na Nawawi, mwanachuoni aliyeisherehesha hadithi hiyo, anaeleza kwamba alitakiwa amwitike maana ile swala ilikuwa ya sunna. Kama sunna ya swala inaachwa kwa ajili ya mama, kwenda kumbeba mjukuu itakuwaje?

Hilo la kuweka mtu wa kulipwa, sikatai, weka kama uwezo upo, akusaidie kumgeuza na kumwogesha, mgongo wako nao una haki. Ninachokataa ni lile neno "inatosha". Aya ya 23 na 24 za suratul Israa zimekataza kumwambia "ah", zikaamrisha kauli ya heshima na kumwinamishia bawa la unyenyekevu, na vitu hivi havitumwi kwa muamala wa simu. Hapo ndo namgeukia kaka yako. Nani kakwambia wewe kwamba wema kwa mama ni kazi ya wanawake? Sahaba Abu Hurayra, mwanamume, imepokewa kwa Muslim kwamba hakuwa akienda hija mpaka mamake alipofariki, kwa ajili ya kukaa naye. Hela yako ni kheri na Allah aikubali, lakini mama anakuita wewe, na dada yako anachoka.

Ila dada yangu, nisikufunge upande mmoja. Wanao usiwape mgongo wala usiwajibu kwa hasira, kaa nao wote siku moja, uwaambie hali ya bibi yao ilivyo usiku, inawezekana kabisa hawajui manake wewe humezea kila kitu. Wajukuu waje hapo kwako wamjue bibi mkubwa angali hai. Na likitokea la dharura kweli, binti kapasuliwa au mtoto yuko hospitali, hapo nenda, maana anayeogopewa madhara ndiye anayetangulia wakati huo, bora tu mama asibaki peke yake.

Na huu uzazi wa mwezi ujao, mwambie kaka yako aje alale na mama siku za mwanzo, wewe uende kwa binti ukamkande na kumtuliza, kisha urudi. Kaka akikataa, binti aletwe ajifungulie karibu na hapo, arobaini aikalie kwako, uwe na wote chini ya paa moja. Mumewe akiona uzito mpe namba yangu, nitazungumza naye mwenyewe.