Mabati yanang'aa mno

SWALI: Shikamoo fundi. Ninaunda mfano mdogo wa stesheni ya Voi ya reli ya zamani kwa kipimo cha 1:87, yaani mara 87 ndogo kuliko ya kweli. Mabati ya paa yanang'aa na ardhi inaonekana kama plastiki. Nifanyeje? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu. Mng'ao utauondoa kwa kuyachorea mabati kutu, lakini kutu haianzi katikati ya bati. Huanzia kwenye matundu ya misumari, maungio na ukingo wa chini, kisha hushuka na maji ya mvua. Donoa rangi ya kahawia kwa kipande cha sponji, uiburute kwenda chini kwa brashi yenye unyevu. Bati moja au mawili yaache mapya. Mapaa ya kweli yana viraka, na mimi viraka hivyo navipenda sana.

Udongo mwekundu wa Voi hauna rangi ya dukani inayoushinda. Ukaushe, uchekeche kwa chujio la chai, kisha upitishie sumaku, maana chembe za chuma huvutwa na mota ya injini yako ndogo ya treni. Umwage kwenye ardhi ya mfano wako, uudondoshee gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu, pamoja na tone la sabuni ya vyombo ili ipenye. Gundi huukoza udongo, kwa hiyo jaribu kwanza pembeni. Vumbi lilelile lipake chini ya mabehewa, karibu na magurudumu.