Pumu ya ngozi kwa mtoto mchanga na mashaka ya maziwa: tulivyopita mimi na mwanangu

Pole sana mama. Nimesoma mada yako ya pumu ya ngozi (ekzema) mara mbili: binti wa miezi minne, mashavu mekundu yanayotoa majimaji, usiku hamlali. Dawa ya kupaka ya duka la dawa ikamtuliza siku nne, kisha hali ikarudi mbaya kuliko mwanzo. Na sasa mawifi wanasema maziwa yako ni machafu, umwachishe ziwa umpe ya mbuzi.

Nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo la haraka. Usimwachishe. Maziwa ya mama hayachafuki. Kinachoweza kutokea, na ni kwa watoto wachache, ni kwamba protini ya maziwa ya ng'ombe unayokunywa wewe inapita kidogo kwenye maziwa yako na mwili wa mtoto unaikataa. Ikiwa ni hivyo, anayeacha kitu ni mama, anaacha maziwa ya ng'ombe, na mtoto anaendelea kunyonya. Ya mbuzi hayatakusaidia: protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, mtoto anayekataa moja karibu kila mara anakataa na nyingine. Tena kwa umri wa miezi minne figo bado changa kwa maziwa ya mnyama yeyote, na ya mbuzi yana upungufu mkubwa wa foleti, vitamini inayosaidia kutengeneza damu.

Mwanangu sasa ana miaka minne. Alianza akiwa na wiki saba, vipele vidogo shavuni, tukaambiwa ni joto la Dar. Alipofika miezi mitatu mashavu yalikuwa yamepasuka. Usiku nikimweka begani alikuwa anasugua uso huku na huku bila kuchoka mpaka kanga inabaki na madoa ya njano. Asubuhi nikitoa shuka lake nakuta vitone vya damu, na chini ya vile vikucha vyake vipande vya ngozi yake mwenyewe. Mama mmoja wa mtaani akamwita mume wangu pembeni, akamwambia mtoto amebemendwa. Mume wangu alinyamaza siku mbili. Kimya kile kiliniumiza kuliko upele. Kama na kwenu yameanza kusemwa hayo, mwonyeshe mumeo maandishi haya: pumu ya ngozi haihusiani na tabia ya mama wala ya baba. Ni ngozi iliyozaliwa haishiki maji vizuri, inakauka, inapasuka, vitu vya nje vinapenya na mwili unapambana navyo. Mara nyingi iko kwenye ukoo wenye pumu ya kifua au mzio (aleji). Sisi mdogo wangu ana pumu ya kifua, na mume wangu akipita kwenye vumbi anapiga chafya saa nzima.

Sasa kosa langu, usilirudie. Niliamua ni chakula. Kila niliyemuuliza alinitajia chakula chake, nami nikawasikiliza wote. Nikaacha maziwa, wiki iliyofuata mayai, kisha samaki, karanga, nyanya, nyama. Nikabaki na ugali, mchicha na maharage. Ndani ya wiki sita nilipungua kilo saba, maziwa yakapungua, na kwenye kadi ya kliniki mstari wa mtoto ukaanza kulala. Ngozi haikubadilika hata kidogo. Siku ile nesi alipomtoa kwenye mzani alinitazama mimi, akaniuliza taratibu, "Mama, wewe jana umekula nini?" Nikalia palepale kwenye benchi.

Mama yangu yuko Moshi, nikaenda kwake kupumzika, na nikiwa huko nikaingia hospitali ya KCMC, kwenye kile kituo cha magonjwa ya ngozi kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, akasema wiki mbili hatugusi chakula. Kula kila kitu. Tunatibu ngozi kwanza, kikibaki kitu ndipo tutakitafuta. Sentensi hiyo ndiyo iliyobadilisha maisha yetu, na ndiyo hasa ninayotaka uichukue. Ukianza dawa ya ngozi na kuacha maziwa siku moja, mtoto akipona hutajua kilichomponya ni kipi, na utaogopa maziwa miaka mitatu pengine bila sababu.

Dawa yenyewe ilikuwa haidrokotisoni ya asilimia 1. Ni mojawapo ya steroidi, dawa za kutuliza mwako wa ngozi. Nilimwambia naziogopa, nimesikia zinachuna ngozi. Akachukua tyubu, akakamua mstari juu ya kidole changu cha shahada, kuanzia ncha hadi mkunjo wa kwanza. Kiasi hicho, akasema, kinatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Mimi kabla ya hapo nilikuwa napaka punje ya mchele uso mzima, siku moja moja, kwa hofu. Akaniandikia mara mbili kwa siku kwa siku saba, kisha tuonane.

Hiyo haidrokotisoni ni ya nguvu ndogo. Kinachochuna ngozi ni zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa bila cheti, ndani yake kuna steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni, pamoja na dawa ya fangasi na ya bakteria. Zinafanya kazi kwa kasi, ndiyo maana tunazipenda, halafu ukiacha ngozi inarudi kwa hasira. Maelezo yako ya siku nne yamenifanya niwaze hilo. Chukua tyubu yako usome majina yaliyoandikwa kwa herufi ndogo. Ukikuta mojawapo, usiendelee kuipaka usoni kwa mtoto, nenda nayo kwa daktari umwonyeshe.

Lakini dawa ni nusu tu. Nusu nyingine ni mafuta, na hapa wengi tunapungukiwa. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato, mwili mzima, mara nne hadi tano kwa siku, hata siku ngozi inapoonekana nzuri. Kopo la gramu 250 lilikuwa linatuishia kwa wiki moja na nusu. Kuoga mara moja, maji ya vuguvugu, dakika tano hadi kumi, bila sabuni ya dawa na bila povu. Unamfuta kwa kumgusagusa na kanga laini, usisugue, na ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika tatu, unapaka. Dawa na mafuta visipakwe kwa pamoja, acha nusu saa katikati. Niliporudi Dar nikagundua na maji yetu ya kisima ni magumu, sabuni haitoi povu kabisa, tukawa tunanunua madumu mawili ya maji ya bomba kwa ajili yake tu. Poda nikatupa. Losheni yenye harufu ya maua nikampa jirani. Soksi, kofia na sweta tukazifunga kabatini, maana jasho lilikuwa linamwasha kuliko kitu chochote, akabaki na fulana ya pamba. Kucha nilikata kila baada ya siku mbili akiwa amelala.

Na tafadhali usimpake kitu cha kuliwa kwenye ngozi iliyopasuka. Mtindi, maziwa, mafuta ya karanga, acha. Mwili wa mtoto unaweza kujifunza kukataa chakula kwa kukutana nacho kwenye kidonda kabla hajakila. Mafuta ya zeituni nayo tunayasifu sana lakini yanadhoofisha ngozi ya namna hii.

Siku ya kumi mashavu yalikuwa laini. Mtoto alilala saa tano mfululizo, nikaamka kwa woga nikamwekea mkono puani kuona kama anapumua.

Kilichobaki ni kinyesi. Tangu wiki ya kumi kilikuwa na ute, na mara mbili tatu kwa wiki nyuzi nyembamba za damu, mimi nikidhani ni chango. Daktari wa watoto akanieleza kwamba mzio wa maziwa una sura mbili. Kuna wa haraka: ndani ya dakika chache hadi saa mbili mtoto anatoka vilengelenge vya mwasho, midomo inavimba, anatapika, anaweza kubanwa kifua. Kuna wa taratibu, unaochukua saa nyingi au siku: tumbo, ute, damu, kucheua kusikoisha, wakati mwingine na ngozi inachafuka. Kipimo cha damu au cha kuchoma ngozi kinatafuta ule wa haraka, na hata huo kikisema ndiyo peke yake hakitoshi. Wa taratibu unajulikana kwa njia moja: unaacha, unasubiri, unarudisha.

Niliacha maziwa tu. Chai ya rangi, hakuna mtindi, siagi, aiskrimu, wala maandazi ya maziwa. Nilijifunza kusoma paketi, kwa sababu mikate mingine, biskuti, majarini na soseji vina unga wa maziwa, au kaseini na wei, ambazo ni protini za maziwa. Mayai, samaki, karanga nikavila kwa raha. Nikaandikiwa vidonge vya kalsiamu kwa sababu anayenyonyesha anahitaji kama miligramu 1,000 kwa siku, nikaongeza dagaa na ufuta. Damu ilikata wiki ya pili. Tukamaliza wiki nne, kisha nikarudisha kwa makusudi: kikombe kimoja cha chai ya maziwa kila siku. Siku ya tatu, kwenye nepi, nyuzi zilezile. Nikapiga picha, nikaacha maziwa tena, zikaisha.

Kwa hiyo mwanangu alikuwa na vyote viwili. Ila ngozi yake ilipona nikiwa nakunywa maziwa, na tumbo lake lilipona nilipoyaacha. Watoto wengi wenye pumu ya ngozi hawana mzio wa chakula chochote. Kurudisha namna ile nyumbani ni kwa mtoto ambaye hajawahi kupata dalili za haraka. Akiwa amewahi, hilo linafanyika hospitali.

Kwa anayetumia maziwa ya kopo mambo ni tofauti. Kuna ya kopo maalumu ambayo protini yake imevunjwavunjwa, ni ghali, na ni daktari anayeyaandika. Yale yasiyo na laktosi, yaani sukari ya maziwa, hayafai kwa kazi hii, protini iko palepale.

Alipofika miezi sita tulianza vyakula kwa kawaida, bila kuchelewesha mayai. Karanga nilikuwa nimeambiwa nimfiche hadi miaka mitatu. Daktari akanionyesha kwamba ushauri huo umepitwa na wakati: utafiti wa London uliochapishwa 2015, kwa watoto 640 waliokuwa na pumu kali ya ngozi au mzio wa yai, ulionyesha walioanza karanga mapema walipata mzio wake kwa uchache mno. Muulize daktari wako kwanza, na iwe imesagwa laini kwenye uji, kamwe siyo punje. Maziwa tulianza alipofika mwaka na mwezi, kwa biskuti, maana yakiokwa sana hubadilika na watoto wengi huyavumilia. Baadaye keki, kisha mtindi kijiko kimoja kimoja. Miaka miwili na nusu akanywa kikombe kizima. Ngozi bado inawasha akienda kwa bibi yake Moshi kwenye baridi ya Julai, tunarudi kwenye mafuta, inapoa.

Kuna mambo ya kukimbiza hospitali usiku huohuo: midomo au ulimi kuvimba, kupumua kwa shida, mtoto kulegea, au vidonda vidogo vya duara vilivyochimbika vinavyoenea haraka pamoja na homa. Magamba ya njano na usaha nayo yanataka dawa, usisubiri wiki.

Mama, nijibu mambo matatu nikusaidie kuwaza kabla hujaenda kliniki. Kinyesi chake kikoje, kina ute au damu? Mstari wake kwenye kadi unapanda au umelala? Na tyubu ile imeandikwa dawa gani?