Pampu ya kudumu ya kumwagia oili kwenye boti: anza na nati ya sampo

Mkuu, kwa ulivyoeleza, boti yako iko Tanga, ina mashine mbili za dizeli za ndani, kila moja inachukua lita 14 za oili, na sampo, yaani bakuli la oili chini ya mashine, zimeikalia ngama (sakafu ya chini kabisa ya boti) kiasi kwamba hata sahani haipiti chini yake. Umetajiwa pampu tatu za kuvuta oili ya zamani, unataka kujua ipi uifunge ya kudumu. Funga ya gia, ya umeme. Lakini hapo umeamua lililo jepesi. Pampu ikifa utamwaga oili kesho. Pale hozi inapoingia kwenye sampo pakiachia, mashine inakauka oili ukiwa katikati ya Mkondo wa Pemba.

Kwa hiyo fungua kwanza nati ya kumwagia, uipime uzi wake kabla hujanunua chochote. Zipo za milimita, zipo za inchi, na nyingine zinaingiana mizunguko miwili mitatu ndipo zinakwama. Ukilazimisha, umeula uzi wa sampo, na kuivua sampo kwenye boti mara nyingi ni kuinyanyua mashine nzima. Mahali pa nati weka boliti yenye tundu na jicho lake (pete inayounganisha hozi), washa mpya ya shaba juu na chini ya jicho. Washa ya zamani imeshabanwa ikawa ngumu, itavuja tu.

Kosa ninaloliona sana ni kuning'iniza koki palepale kwenye sampo. Koki ya shaba ni nzito, mashine inatetemeka saa zote, na baada ya muda shingo ya sampo inapata ufa. Koki ifungwe kwenye mbao ya ukuta wa chumba cha mashine, na kati yake na sampo ipite hozi yenye mlegeo kidogo. Kipande hicho kina oili muda wote, basi usikifanyie ubahili: hozi ya haidroliki yenye waya ndani, nusu inchi, ncha zibanwe kwa mashine kama za tipa na matrekta. Ule mpira mweupe unaoonyesha kilichomo ndani unalainika kwa oili ya moto, na pampu ikivuta unajibana kama mrija wa soda. Mtu analaumu pampu, kumbe ni mpira.

Sasa pampu. Zile za pangaboi la mpira, nyingi zimetengenezwa kwa maji. Mpira wake unavimba kwenye oili hadi pampu inakataa kuzunguka. Ukikuta yenye pangaboi la naitraili, aina nyingine ya mpira, inafaa kwa oili, ila haipendi kuzunguka kavu. Ya gia inavumilia zaidi, nayo pia isimamishe mara mlio ukibadilika, maana kinachoilainisha ni oili hiyohiyo. Iweke juu ya kimo cha maji ya ngama, lakini karibu na sampo kadiri inavyowezekana, mota ikae juu na kichwa cha pampu chini, ili sili ikianza kuvuja oili isiingie kwenye mota. Waya usiwe mwembamba: pampu ya volti 12 inayokula ampea 15, betri ikiwa mita 4 mbali, kwa waya wa milimita za mraba 6 unapoteza kama volti 0.35, kwenda na kurudi. Kwa waya wa 2.5 unapoteza zaidi ya volti 0.8, na pampu inavuta kivivu. Fyuzi iwe karibu na betri, ukubwa wake ule ulioandikwa kwenye pampu. Mashine ndogo ya lita 5 au 6 haihitaji haya yote. Pampu ya mkono ya shaba inatosha.

Swichi ya kwenda na kurudi, ile ya kugeuza mvuto wa pampu, usiifunge. Wanaoiuza watakwambia utajazia oili mpya kwa njia hiyohiyo. Hozi ya nusu inchi inabaki na oili chafu kama mililita 127 kwa kila mita, na yote itarudi ndani mbele ya oili mpya. Jazia juu, kwa faneli.

Sasa gia boksi. Umesema unataka mashine zote na gia boksi ziishie kwenye pampu moja. Mashine mbili zenye oili moja, sawa, kila moja na koki yake. Gia boksi iache nje. Soma kibati chake: nyingine zinataka oili ya mashine, nyingine ile nyekundu ya gia za otomatiki, na mchanganyiko huo unaweza kuzitelezesha klachi. Oili yake inavutwa kwa bomba la mkono kupitia tundu la kijiti cha kupimia oili.

Koki mbili zikisahaulika wazi, oili ya mashine iliyokaa juu inahamia ya chini. Ya juu inapungukiwa, ya chini inazidi, kranki inaipiga mpaka inakuwa povu. Vua mipini ya koki ukimaliza, na mwisho wa hozi ya kutolea uzibe kwa plagi.

Siku ya kumwaga, fanya mara boti inaporudi, ikiwa bado inaelea, oili ikiwa vuguvugu. Usingoje maji ya bamvua yatoke: boti ikilala ubavu mchangani, oili inakimbilia pembe ambayo hozi haifiki, na mashine huwezi kuiwasha ipate joto kwa sababu tundu la maji ya kupoozea liko hewani. Vutia kwenye dumu lenye alama za lita. Zikitoka 12 na wewe ulijaza 14, mbili zimebaki, zimeungua au zimo ngamani. Tafuta kabla ya kujaza. Filta haimwagiki kwa pampu, ivishe mfuko wa nailoni ndipo uifungue. Ukishajaza, zungusha kwa stata dizeli ikiwa imekatwa mpaka presha ya oili ipande, kisha washa dakika 10 ukiwa umetandika karatasi nyeupe chini ya kila kiungo. Zima, subiri, pima kijiti.

Dumu lishuke nchi kavu likiwa na kifuniko. Kinachomwagika ngamani pampu ya maji inakitupa baharini, na hapo mlipo ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, samaki wa kale, tangu 2009.

Weka hapa kipimo cha uzi wa nati na maandishi ya kibati cha gia boksi, tukuambie boliti ya kutafuta.