Sukari huyeyuka kwenye chai, au humumunyika?

Swali: Mwalimu anayeandaa muhtasari wa Kiswahili kwa wanafunzi wanaoanza biolojia anauliza: "Barafu huyeyuka juani, na sukari nayo tunasema huyeyuka kwenye chai. Kikemia hayo ni mambo mawili. Je, ni kosa kutumia neno moja? Na nikifika kwenye osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando wa seli, nielezeje ukolezi bila kuwachanganya wanafunzi?"

Jibu: Kwa mazungumzo ya kawaida, mwalimu, si kosa. Kitenzi kuyeyuka kinabeba maana zote mbili, na anayelalamika kwamba sukari haijayeyuka anaeleweka na kila mtu mezani. Darasani ni vingine, kwa sababu mwanafunzi anatakiwa kueleza kilichozipata chembe za sukari, na neno moja kwa matukio mawili linamficha jibu. Ushauri wangu: kuyeyuka kubaki kwa kitu kigumu kinachogeuka kimiminika kwa joto, kumumunyika kuwe kwa kitu kinachotawanyika ndani ya kimiminika, chembe kwa chembe, mpaka kisionekane tena.

Kupambanua ni rahisi ukiuliza kama panahitajika kitu cha pili. Barafu huyeyuka peke yake ikifika nyuzi joto 0 za Selsiasi. Chumvi ya mezani nayo huyeyuka peke yake, ila mpaka ifike nyuzi 801. Kwa hiyo chumvi uliyoikoroga kwenye glasi ya maji ya kawaida haikuyeyuka hata kidogo, imemumunyika. Mfano ninaoupenda zaidi ni mafuta ya nazi. Huganda kipindi cha baridi, na huyeyuka yakifika nyuzi 24 au 25 hivi, hata kiganjani. Lakini yatie kwenye maji ukoroge utakavyo, hayamumunyiki. Mwanafunzi akishaona kitu kinachoyeyuka bila kumumunyika, na kingine kinachomumunyika bila kuyeyuka, hatayachanganya tena maneno hayo.

Makosa yanayotokana na kutotofautisha ni ya kweli, wala si ya ufundi wa maneno tu. La kwanza ni sentensi kama "chumvi huyeyuka na kuwa maji." Chumvi haiwi maji. Ukitia gramu 10 za chumvi kwenye gramu 100 za maji, mizani itasoma gramu 110, na maji yakikauka chumvi inabaki palepale. Ndivyo wanavyofanya kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi: maji ya bahari huachwa juani, maji yanakwenda na chumvi inabaki.

Kosa la pili linahusu gesi. Ukiandika "oksijeni huyeyuka majini," mwanafunzi atafikiri joto linasaidia, kwa kuwa kila kuyeyuka anakokujua kunataka joto. Ukweli ni kinyume. Usawa wa bahari, maji yasiyo na chumvi, yakiwa na nyuzi 20, hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita; yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu. Ndiyo maana samaki hutaabika bwawa linapopata joto. Andika "oksijeni iliyomumunyika majini" na tatizo litaisha.

Kuna kitenzi cha tatu cha kulindwa, nacho ni kuvunjwa. Sukari inapomumunyika, molekuli zake hubaki nzima, zimeachana tu. Chumvi hutengana kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, za sodiamu na za kloridi. Hakuna molekuli ya sukari iliyovunjika mpaka ifike kwenye utumbo mwembamba, ambako kimeng'enya huigawa sukari ya mezani kuwa glukosi na fruktosi. Kwa hiyo "sukari huvunjwa na maji ya chai" ni kosa la biolojia, siyo la lugha peke yake.

Kuhusu nomino, utakutana na mmumunyo, kimumunyishi na kimumunyishwa. Wengine wanaandika myeyusho, kiyeyushi na kiyeyushwa. Kama vitabu vya wanafunzi wako vimechagua myeyusho, usigombane navyo, ila usichanganye koo mbili kwenye ukurasa mmoja. Kimumunyishwa ndicho kinachotawanyika, kimumunyishi ndicho kinachopokea, na mmumunyo ni vyote viwili pamoja. Wingi ni mimumunyo, vimumunyishi, vimumunyishwa.

Sasa ukolezi, na hapa ndipo ningekaa muda mrefu zaidi kama ningekuwa nafundisha. Sentensi inayoharibu osmosisi ni hii: "Maji hutoka penye ukolezi mkubwa kwenda penye ukolezi mdogo." Ukolezi wa nini? Ukiwa wa maji, sentensi ni sahihi. Ukiwa wa chumvi, imegeuka juu chini, na wasomaji wengi watadhani ni wa chumvi, kwa sababu kukolea kwa Kiswahili ni kwa kile kilichotiwa: chai imekolea sukari, mchuzi umekolea chumvi. Hakuna asemaye mchuzi umekolea maji. Basi ifuate lugha yenyewe: "Kupitia utando wa seli, maji huelekea upande uliokolea chumvi zaidi." Kila unapoandika ukolezi, taja wa nini. Kinyume cha kukoleza unacho tayari, kuzimua: mmumunyo uliozimuliwa ni ule ulioongezwa maji.

Maelekezo ya maabara nayo yanahitaji uangalifu huohuo. "Tia gramu 9 za chumvi kwenye lita 1 ya maji" na "tia gramu 9 za chumvi, kisha ongeza maji hadi lita 1" si kitu kimoja. Ya pili ndiyo inayotoa mmumunyo wa asilimia 0.9, ule wa dripu, ambao seli nyekundu za damu hukaa humo bila kuvimba wala kunywea. Tia chumvi kwanza, weka maji kama mililita 700, koroga mpaka imumunyike yote, ndipo ujaze hadi alama ya lita.

Kitenzi kunywea kitakufaa sana kwenye jaribio la kiazi mbatata. Kata vipande viwili vya sentimita 5, menya ganda lote, pima uzito, kimoja kiwe kwenye mililita 200 za maji matupu, kingine kwenye kiasi hicho cha maji yenye gramu 20 za chumvi. Baada ya saa moja vifute maji ya juu kabla ya kupima tena, la sivyo mizani itapima na matone. Cha kwanza kimekuwa kigumu na kizito zaidi: kimetuna. Cha pili kimelegea na kupungua: kimenywea. Mwanafunzi akiandika "kiazi kimeyeyuka," mrudishie daftari, kwani hakuna kilichoyeyuka wala kumumunyika kwenye kiazi hicho. Maji yametoka tu. Na kiazi kiwe kibichi. Kilichochemshwa utando wa seli zake umeshaharibika, na matokeo hayatakuwa ya osmosisi.