Madoa mekundu baada ya chanjo ya surua: mzazi aripoti au asubiri?

Mzazi uliyeuliza kuhusu binti yako wa miaka minne, aliyetokwa na madoa miguuni siku tisa baada ya chanjo ya surua na rubela na daktari akasema kuta za mishipa yake midogo ya damu zimevimba, pole sana. Jibu langu, kama muuguzi wa chanjo, ni kwamba uripoti sasa, hata kama hakuna anayejua chanzo.

Vipele vya kawaida vya chanjo hiyo hufifia ukivibonyeza kwa glasi safi, lakini madoa ya damu iliyovuja chini ya ngozi hubaki vilevile. Ulizia pia kipimo cha chembe sahani, yaani chembe zinazosaidia damu kuganda, kwa sababu chanjo ya surua huweza, kwa nadra, kuzipunguza, na madoa yake hufanana na haya.

Katika mwaka wangu wa pili kazini nilijaza fomu ya mtoto wa namna hii kwa maneno matatu, "vipele baada ya chanjo", bila namba ya toleo la chanjo, ile iliyoandikwa kwenye kichupa, wala tarehe madoa yalipoanza, nayo ikarudishwa. Kufuatilia, nikakuta kichupa kimeshatupwa, na mama akanieleza kwamba mtoto alikuwa na mafua makali wiki moja kabla ya sindano. Sikuwa nimemuuliza, ilhali vaskulaitisi ya watoto, yaani huko kuvimba kwa kuta za mishipa ya damu, mara nyingi hufuata mafua.

Ripoti moja haithibitishi kitu. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, huiunganisha na nyingine, na hifadhi ya kimataifa ya ripoti hizo iko Uppsala, Sweden, ili kuona kama idadi imezidi ile ambayo ingetokea hata bila chanjo. Katika majaribio ya RotaTeq, chanjo ya kuzuia kuhara kunakoletwa na virusi vya rota, ugonjwa wa Kawasaki, ambao nao huvimbisha mishipa ya damu, ulionekana kwa watoto 5 waliochanjwa na 1 asiyechanjwa, kati ya takriban 36,000 kila upande. Mwaka 2007 Marekani iliyaandika hayo katika kikaratasi cha chanjo hiyo. Ufuatiliaji wa baadaye haukuonyesha ongezeko. Kwangu huo ni uangalifu, ingawa wapo waliousoma kama ungamo.

Basi nenda na kadi ya kliniki, picha za madoa zenye tarehe, na orodha ya dawa alizotumia. Mkojo wake uendelee kupimwa kwa miezi kadhaa hata madoa yakiisha, kwa kuwa figo huweza kuguswa baadaye bila dalili; hilo linanihangaisha kuliko sindano yenyewe.