Ukuta umepasuka na mvua ya Aprili haiachi
Dada, umesema ufa wa ukuta wako kule Kadutu, Bukavu, unapanuka na redio inatangaza mvua kubwa juma nzima, nakuomba leo usilale kile chumba cha upande wa mlima. Kwetu ilianza vilevile, jioni nikachora mstari wa makaa mwisho wa ufa, asubuhi ulishaupita na mlango hautaki kufunga, tukapeleka watoto kwa shangazi saa ileile, usiku wa pili udongo ukajaza jikoni. Mvua ikitulia zibua mfereji, maji ya manjanja (mabati ya paa) yasiingie kwenye msingi, lakini mlima usiuchimbe. Usidharau mvua: vijiji vya Bushushu na Nyamukubi hapo Kalehe, Mei 2023, mafuriko na udongo viliua watu zaidi ya 400. Fundi wa kweli aone ukuta kwanza ndio urudi.