Sauti imekuwa nzito? Shusha kii, usiache kuimba

Wiki hii binti mmoja kaniandikia: "Dada, tangu nifanyiwe operesheni ya mafindofindo sauti yangu imekuwa ya kiume. Kikundini wananicheka. Niache?"

Usiache, mdogo wangu. Nami yalinikuta. Nilikuwa na sauti ya juu, ile ya kutunzwa kabla ubeti haujaisha. Nikaugua koo, sauti ikashuka na kuingia mikwaruzo. Kiongozi wetu wa taarab, mbele ya wapiga ala wote, akasema sauti hiyo sasa ikapige debe stendi. Wakacheka, hata mpiga fidla niliyekuwa nikimchemshia tangawizi kila mazoezi. Simtaji mtu, wenyewe wanajijua. Nikapelekwa kwenye kiitikio, nyimbo zangu akapewa mwingine.

Aliyenitoa huko ni bibi mwimbaji wa Kihindi niliyemsikia akiimba kwenye simu, Gangubai Hangal. Usipoona picha utaapa ni mzee wa kiume. Alizaliwa Dharwad, Karnataka, mwaka 1913, na santuri zake za mwanzo ni za sauti nyembamba ya kike. Akatibiwa mafindofindo, sauti ikazama moja kwa moja. Hakuikimbiza ile ya zamani. Alikaa kwenye nzito hiyohiyo, akaifungua raga, yaani mpangilio wa noti ambao mwimbaji wa Kihindi huujengea wimbo, polepole kutoka chini, hadi watu wakaja kumsikiliza kwa sababu ya uzito uleule.

Wala hakupata mteremko. Jamii aliyotoka ilidharauliwa, na wanawake wake wakiimba waliitwa majina. Mwaka 1924 aliimba Belgaum kwenye mkutano wa chama cha Congress, Gandhi akiwepo. Alisimulia baadaye kwamba hofu yake ilikuwa kuambiwa akasafishe mahali walipokula watu wa tabaka la juu. Mama yake, Ambabai, alikuwa mwimbaji wa muziki wa mtindo wa kusini mwa India, na aliacha kuimba ili mtindo wake usimwingilie mtoto aliyechagua wa kaskazini. Mama wangapi wangefanya hivyo? Kisha ikawa kupanda treni, kutoka mji wa Hubli hadi Kundgol, kwa mwalimu wake wa kuimba Sawai Gandharva, ambaye alimrudisha kwenye kifungu kilekile mpaka kitoke sawasawa. Nyinyi mkirudishwa mara mbili mnanuna na kuandika mafumbo kwenye status.

Basi fanya hivi. Mwambie mpiga kinanda ashushe kii, yaani wimbo wote uanzie noti za chini zaidi. Alfajiri, kabla ya kusema na mtu, shika noti yako ya chini kabisa, pumzi yote, bila kupaza. Waimbaji wa India wana zoezi hilo. Mdomo wazi kidogo, mabega yatulie. Ukisikia inatetemeka, punguza nguvu, usiongeze. Na ushushe kii, narudia, maana wengi wenu mnaona aibu kumwomba mpiga kinanda.

Mimi nilianza na nyimbo za huzuni, zinazotaka uzito. Mwezi uliopita kiongozi yuleyule alinipigia nikaimbe harusi ya mwanawe. Nilimtajia bei ya mgeni, akalipa.

Gangubai alipewa Padma Vibhushan, moja ya nishani za juu kabisa za India, mwaka 2002, akafariki 2009 akiwa na miaka 96. Wewe una miaka ishirini na kitu unataka kustaafu kwa sababu ya kicheko cha watu wanaochelewa mazoezi! Leo usiku msikilize akianza raga, dakika za mwanzo tu, uone anavyotulia chini bila haraka. Ila kama koo bado linauma ukimeza, hilo mpelekee daktari kwanza.